Koti la Vyumba Viwili

Mama Cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anaapa kwamba leo asubuhi, mvua ikimwagika kama imetumwa, aliona kiumbe kikipita juu ya pikipiki huku kifua chake kikiwa mgongoni. Uso ulitazama mbele, anasema, lakini mwili uligeukia nyuma. Zipu ilishuka kwenye uti wa mgongo. Chini ya kidevu kulikuwa na mfuko mkubwa umejaa maji, unachezacheza kama tumbo la aliyekula shughulini bila mwaliko. Kiumbe kilipofika kwenye tuta, maji yale yalikirukia usoni. Kikapiga chafya, kikaendelea na safari.

"Kilipiga chafya?" Redio akauliza.

"Chafya ya mtu mzima. Mpaka uzi ukanitoka kwenye sindano."

"Basi si jini. Majini hayapati mafua."

"Wewe umelala nao majini, unajua?"

"Mama, ningekuwa jini ningekuwa naziba pancha?"

Soga za leo zilianzia hapo. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na sisi tulikuwa chini ya bati langu la kahawa, kati ya mlango wa Mama Cherehani na kibanda cha Redio. Redio ni fundi wa pancha. Anaitwa hivyo kwa sababu hana swichi ya kumzima. Ana mwili wa kutosha watu wawili na chenji ikabaki. Akikaa upande mmoja wa benchi, aliye upande wa pili huinuka bila kupenda.

Upande wa pili leo alikuwa Waziri. Huyu ni dereva wa bodaboda. Uwaziri alipewa na sisi siku aliponunua suti kamili ya mvua, ya manjano, yenye mistari inayong'aa, suruali yake, buti zake, na glavu. Tangu siku hiyo haivui. Jua likiwaka anaivaa. Anakunywa kahawa na glavu. Hata kuongea kumebadilika.

"Sisi wenye vyombo vya moto," Waziri akasema, "tunaomba wananchi waache uzushi. Hakuna kiumbe. Ni maono tu ya mtu aliyeshona mpaka alfajiri."

"Maono?" Mama Cherehani akasimama, futi yake ya kupimia shingoni. "Mimi macho haya yanatunga uzi kwenye kiza! Kiumbe nimekiona, na kikipita tena hapa..."

Kikapita tena. Au tuseme kilifika. Pikipiki ilikata kona, ikasimama mbele yetu, na juu yake alikaa mtu uso huku, zipu kule.

"Hiki hapa!" Mama Cherehani akapiga yowe, akajificha nyuma ya Redio, ambako pana nafasi nzuri.

"Shikamoo, mama," kiumbe kikasema. Ilikuwa sauti ya Chapuchapu, dereva mwingine wa bodaboda wa kijiwe chetu. Akashuka, akainama kwa adabu kunipa mkono mimi pia, na kofia ya koti iliyokuwa inaning'inia chini ya kidevu chake ikamimina maji yote juu ya jiko langu.

Moto ukasema *tsss* na kufa.

Nilimtazama tu. Nikachukua kipande cha boksi, nikaanza upya kupepea.

"Nisamehe, dada. Nisamehe sana. Leo mikosi imenipanga foleni."

"Chapuchapu, ndugu yangu," Redio akasema, "nani kakuvisha hivyo? Umevaa gizani au umevaa kwa hasira?"

"Kwani mnashangaa nini? Madereva wote tunageuza koti. Zipu ikiwa mbele, upepo na maji vinapenya kifuani. Ukigeuza, kifua kinakuwa kizima. Na hili la mtumba zipu yake yenyewe imekufa."

"Tunageuza koti lisilo na kofia!" Waziri akapiga paja, glavu ikalia. "Wewe umegeuza lenye kofia. Umetembea na beseni chini ya kidevu!"

Redio alicheka mpaka benchi likaomba msaada. Mama Cherehani alitoka mafichoni, akaizunguka ile kofia, akaibonyeza kwa kidole. "Imeshonwa vizuri lakini," akasema. "Haikuvuja hata tone."

Chapuchapu hakucheka. Nilimsogezea kikombe, akatikisa kichwa. Chapuchapu akikataa kahawa, ujue kuna msiba.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Nimemmwagia Sista."

Kicheko kikakatika. Sista ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hospitali ile ya pale juu. Chapuchapu humchukua mlangoni kwake kila asubuhi na kumrudisha kila jioni, jua mvua. Abiria wake wengine ni wa kupita, leo yuko kesho hayuko. Kwa Sista ndipo anapojua tanki litajaa na nyumbani jiko litawaka. Na wauguzi wenzake wote wa wodi ile hupandia kijiwe anachopandia yeye na kumuuliza dereva anayemwamini yeye. Kumpoteza Sista ni kupoteza wodi nzima, na vitanda vyake.

"Ulimmwagiaje na yeye yuko nyuma?" Waziri akauliza.

"Tulifika getini. Nikageuka kumwambia, 'Sista, tumefika salama.' Nikainama kidogo, kwa heshima. Maji yote yakaingia kwenye mkoba wake. Humo mna sare aliyopiga pasi jana."

"Salama gani sasa hiyo?" Redio akasema.

"Akasema nini?" Mama Cherehani akauliza.

"Kwanza hakusema kitu. Akaitoa sare, akaikamua. Polepole. Ananitazama machoni, anakamua. Mama, nilihisi shingo yangu ndiyo inakamuliwa. Halafu akasema, 'Nikitoka kazini nitapita hapo kijiweni kwenu. Nikikukuta na kituko hicho, nitapanda kwa mwenzako mwenye nguo.'"

Wote tukageuka kumtazama mwenzake mwenye nguo. Waziri akakohoa, akapandisha zipu mpaka kidevuni.

"Mimi sijatamka chochote," akasema. "Lakini wananchi wakiniita kuwatumikia, nitakataaje?"

"Mnafiki!" Redio akamtupia kiraka cha tyubu. "Haya, Chapuchapu, Sista anatoka kazini jioni. Muda upo. Tutafute nguo."

"Anunue suti kama yangu," Waziri akasema, na kututajia bei.

Sitaiandika hapa. Chapuchapu alishika kifua, na mimi niliyekuwa napepea nikasahau kupepea.

"Bei hiyo inakuja na dereva wake?" Mama Cherehani akauliza.

"Ubora, mama. Ubora una gharama."

"Mfuko wa taka," Redio akasema. "Ule mweusi mkubwa. Unatoboa pa kichwa na pa mikono. Unavaa, unatupa, kesho mwingine."

"Nilivaa mwaka jana," Chapuchapu akasema kwa uchungu. "Nikasimama pembeni nisubiri abiria. Gari la taka likasimama. Wakashuka wawili, mmoja akanishika kwapa, mwingine miguu."

"Nailoni ya godoro jipya, basi."

"Hiyo usimwambie," Waziri akadakia. "Yule jamaa wa kijiwe cha daraja aliivaa. Mvua haikumgusa hata kidogo. Lakini joto la mwili wake halikuwa na pa kutokea. Alifika kwa abiria ameiva, bado chumvi tu. Na kifuani alikuwa na lebo: *Usilalie bila shuka*."

"Akavaa shuka?"

"Alivaa matusi ya mke wake, aliyemfokea wiki nzima kwa kulichuna godoro lao jipya."

"Basi koti jingine la mtumba," Redio akasema. "Ila ulichague kitaalamu. Koti la mvua ni kama tyubu. Mimi nikienda kununua, nabeba beseni langu. Nalizamisha koti, nabana shingo, nabonyeza, naangalia mapovu yanatokea wapi."

"Na muuzaji anakutazama?"

"Alinitazama la kwanza. La pili alinikimbiza."

"Tena wewe ndiye hujui kitu," Mama Cherehani akasema. "Maji hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye mshono. Chagua koti lenye mishono michache. Ukishalipata, chukua mshumaa, sugua mishono yote, pitisha pasi ya vuguvugu juu ya karatasi. Nta inaziba matundu ya sindano. Bei ya mshumaa kila mtu anaiweza, hata huyu aliyemwaga riziki yake kwenye mkoba wa watu."

"Asante, mama," Chapuchapu akasema. Uso ulianza kurudi mahali pake.

Mimi kazi yangu ni kumimina kahawa na kusikiliza. Lakini hapo nilishindwa.

"Jamani," nikasema. "Tangu asubuhi mnamvisha Chapuchapu. Aliyelowa ni Sista."

Wakatazamana.

"Abiria hujikinga nyuma ya mgongo wa dereva," Waziri akasema. "Ndiyo utaratibu."

"Juzi ulimshusha hapa mwalimu mmoja," nikamwambia. "Wewe ulikuwa mkavu kama unga. Yeye viatu vyake vilikuwa vinaongea kila akikanyaga."

"Ndiyo serikali yenyewe hiyo!" Redio akaruka. "Waziri mkavu, wananchi wamelowa, halafu anawaambia wamsogelee zaidi!"

Mama Cherehani alikuwa hacheki. Alikuwa ameitoa futi shingoni na anaizungusha kidoleni, na ukimwona hivyo, kaa mbali.

"Koti moja," akasema. "Watu wawili. Tundu la kichwa mbele, tundu la kichwa nyuma. Linafunika dereva, abiria, mkoba, mpaka magoti."

"Wee, mama!" Waziri akaziba mdomo kwa glavu. "Mke wa mtu! Watu wote mjini watasema nesi amefunikwa shuka moja na bodaboda!"

Chapuchapu akaanza kutoka jasho. "Kweli, mama. Mumewe ni fundi wa nondo. Ana mikono hii," akapanua viganja kuonyesha ukubwa.

"Basi nitaweka pazia katikati," Mama Cherehani akasema. "Kutoka juu mpaka kwenye kiti. Huku chumba chako, kule chumba chake. Hamuonani, hamgusani, kila mtu na kwake."

"Chumba na sebule!" Redio akapiga kelele. "Nani atalipa umeme?"

"Na kitambaa?" Chapuchapu akauliza kwa woga.

Mama Cherehani aliingia ndani, akarudi akiburuta bunda la turubai jeupe. Nililitambua. Lilikuwa bango la yule mgombea wa juzi, mrefu, mwenye meno mengi, aliyeahidi kutuchimbia mifereji ya maji. Alishindwa, maji yakabaki, na mabango yakabaki. Moja linafunika kuku wa watu, moja ni mlango wa choo, na hili alilipata Mama Cherehani kwa kulikunja usiku kabla wengine hawajafika.

"Turubai la bango halipitishi maji hata ukililaani," akasema. "Upande wa picha ndio unaoyakataa. Sasa nipeni vipimo. Sista hayupo. Redio, kaa nyuma uwe Sista."

"Redio?" Waziri akasema. "Sista ni mwembamba. Huyu ni kliniki nzima."

"Likimtosha Redio, litamtosha mtu yeyote."

Chapuchapu akapanda pikipiki, Redio akapanda nyuma, tairi la nyuma likapiga magoti. Redio akabana mapaja, akashika mkoba wa kufikirika, akalegeza sauti: "Kaka, taratibu kwenye matuta, nina wagonjwa wananisubiri."

"Sista, shika vizuri," Chapuchapu akajibu, naye akaingia kwenye mchezo.

"Nishike wapi, na katikati kuna ukuta?"

"Shika zege!"

Watu wa duka la simu ng'ambo walitoka kutazama. Mama Cherehani alipima mabega, akapima urefu wa kichwa hadi kichwa, akampiga Redio kofi la mkono aache kutikisika. Halafu akalitandaza turubai sakafuni kwake, picha chini, upande mweupe juu. Ndivyo anavyofanya kwa kila nguo: chaki huchorwa upande wa ndani, ili alama isionekane nje. Akachora duara, akachora duara la pili, akakata. Cherehani ikalia mpaka kahawa yangu ikachemka mara nyingine. Pazia likashonwa, mishono ikasuguliwa mshumaa, pasi ikapita.

"Tayari," akasema, na kuligeuza.

Tukasogea kutazama.

Tundu la Chapuchapu lilikuwa katikati ya paji la uso wa mgombea. Tundu la Sista lilikuwa kinywani, kati ya meno ya juu na meno ya chini. Kidevu kilishuka kuwa mgongo wa abiria, na chini yake kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu: NIPENI NAFASI.

"Mama," Redio akasema taratibu. "Amemmeza nesi."

Tulicheka mpaka wateja wa duka la simu wakaja kucheka pamoja nasi bila kujua tunacheka nini. Waziri alijisahau, akavua glavu afute machozi. Ndiyo siku ya kwanza kuona vidole vyake. Mama Cherehani mwenyewe alikaa chini sakafuni, futi mdomoni, mabega yakicheza.

"Ligeuze basi, picha ndani!" Waziri akasema.

"Picha ikiwa ndani, nje kunanyonya maji. Atalowa."

Chapuchapu pekee alisimama amelishika koti, anasoma uso wa mgombea kama aliyeletewa posa. "Dada," akaniambia, "maji unayo?"

Nilikuwa na ndoo ya kusuuzia vikombe. Wakavaa, Chapuchapu kwenye paji, Redio kinywani, na mimi nikamimina juu yao yote, nikianzia mbele nikamalizia nyuma. Maji yakateremka kwenye mashavu ya mgombea, yakadondoka chini. Redio akapenyeza mkono ndani ya chumba chake, akajipapasa tumbo, magoti, mapaja.

"Mkavu," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Chapuchapu, mimi mkavu."

"Na mimi!" Chapuchapu akapiga honi. "Na mimi mkavu! Mama, mkono wako ubarikiwe! Pazia nalo kavu!"

Redio, kwa furaha, akaruka kushuka ili ambusu Mama Cherehani mkono. Kichwa chake alikisahau kinywani. Koti likamfuata, na Chapuchapu akalifuata koti. Alipaa kinyumenyume kutoka kwenye kiti, miguu juu, akatua kwenye matope huku mgombea amemfunika mzima.

"Sasa ndiyo ametuangusha," Waziri akasema.

Mama Cherehani akachana ubavu wa kushoto wa chumba cha nyuma, akaweka vifungo vya kubonyeza. Mlango. Unavuta, unafunguka, unashuka kama mtu na akili zake. Alikuwa anabana kifungo cha mwisho mvua iliporudi, kwanza kwa manyunyu, halafu kwa ghadhabu, na watu wote wa mtaa wakakimbilia chini ya mabati.

Hapo Sista akatokea.

Alikuwa amevaa sare ya kuazima, kubwa, mikono imekunjwa mara mbili. Mkoba wake ulikuwa ukining'inia, bado unadondoka. Nyuma yake, chini ya ubaraza wa duka la dawa, walisimama wenzake wa wodi, wote wanatazama atakakokwenda.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo, Sista. Pole na kazi," tukajibu pamoja, kama darasa.

Waziri alikwisha washa injini. "Karibu, Sista. Chombo kiko tayari."

Sista akaitazama ile suti ya manjano, kuanzia buti mpaka shingoni. "Na mimi nitavaa nini?"

"Utajikinga na mgongo wangu, Sista. Ni mpana."

Sista akaupima mgongo ule kwa macho. Akageuka kwa Chapuchapu.

Chapuchapu alikuwa juu ya pikipiki yake, tope kwenye masikio, kichwa kimetokeza kwenye paji la uso la mgombea. Kile kituko cha asubuhi hakikuwepo tena mwilini mwake. Aliinua kinywa cha mgombea kwa mikono miwili, akikishikilia wazi.

"Hiki nini?" Sista akauliza.

"Koti, Sista. Lako na langu. Lakini lina vyumba. Hili pazia, angalia, limeshonwa mpaka chini. Hatuonani kabisa. Mlango wako huu hapa, una vifungo vyake. Mkoba unakaa ndani."

"Na huyu?"

"Huyu alishindwa, Sista. Hana neno."

Midomo ya Sista ilitikisika. Niliiona, maana nilikuwa karibu. Akaibana haraka, ikatulia. Akalikaribia koti. Akashika ukingo wa kinywa kwa vidole viwili, akainama, akachungulia ndani vile wanavyochungulia koo la mgonjwa. Akainuka. Akawatazama wenzake kule ubarazani, ambao sasa walikuwa wameshikana mikono. Akautazama mtaa mzima uliojaa watu chini ya mabati. Maji yalikuwa yanashuka kwenye paji lake la uso, yanafuata pua, yanadondoka.

"Sista," Chapuchapu akasema, "nakuomba. Tukifika ukiwa umelowa hata unywele, kesho nitamwita Waziri mimi mwenyewe, na kiti cha pikipiki yake nitakufutia."

Waziri akapunguza moto wa injini ili asikie. Birika langu lilikuwa linafurika na kumwagikia makaa, na mimi nilikuwa sijanyanyua mkono. Redio alikuwa amefumba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ingiza kichwa, Sista," Chapuchapu akasema.

Sista akaingiza mkoba kwanza, kisha akainamisha kichwa.